Kondoo Wawili, Namba Moja

Ukitaka kumuudhi Ngāhuia, mwambie mashine yake ina bahati mbaya. Atakukata kauli papo hapo. "Shangazi, mashine haina bahati. Ina sababu." Mtoto huyu nimemlea mimi, hapa hapa kijijini Tokomaru, tangu mama yake alipokwenda kutafuta kazi Sydney, na ubishi huo alikuja nao.

Siku hizi ni mwanamke mzima, anaandika programu za vyombo vya shambani. Lango la kuchambulia kondoo la kaka yangu Pāora ni kazi yake. Kondoo wanaingia kwenye kichochoro mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na hereni ya namba sikioni. Kisomaji kinasoma namba, mizani inapima uzito, kisha lango linageuka: kushoto malishoni, kulia kwenye lori la machinjioni. Kati ya vyombo hivyo na kompyuta kuna kipande cha programu wanachokiita kiendeshi. Hicho ndicho kinachopokea habari za kisomaji na mizani, na kuliambia lango ligeukie wapi.

Pāora alilihitaji lango hilo kuliko alivyopenda kukiri. Goti lake limekwisha, kusukuma lango kwa mkono kutwa nzima hawezi tena, na wanawe wako Perth, hawana habari ya kurudi. Bila lango angelazimika kuuza kundi, na kundi lile tuliachiwa na mama yetu.

Mwanzo wa vuli lango likaanza kukosea. Majike vijana, wazima kabisa, walipandishwa lori pamoja na vikongwe. Tulijua baadaye, Pāora alipowatafuta malishoni asiwaone. Hakugomba. Alikaa kwenye ngazi ya banda, akavua buti, akasema, "Ngāhuia, mwanangu, nakupa uchambuzi mmoja zaidi. Likikosea tena, nampigia dalali aje achukue wote." Heri angegomba. Moyo uliniuma.

Ngāhuia alihamia kwangu na kompyuta yake na lango la majaribio. Nina kondoo wachache nyuma ya nyumba, wanene, waliodekezwa kwa mkate wangu. Aliwapitisha asubuhi, akawapitisha jioni. Hakuna kosa hata moja. Akakisia kwamba huenda kisomaji kina haraka, akakiwekea subira kidogo: kikishasoma namba, kinyamaze kwanza, ndipo kisome nyingine. Bado hakuna kosa. Akaenda kwa Pāora kifua mbele, kulijaribu kabla ya siku ya uchambuzi, nami nikafuata.

Kundi la kwanza tu, lango likakosea mbele ya macho yetu.

Pāora akacheka kicheko kisicho na furaha. "Kondoo wa shangazi yako wanatembea kama wanakwenda kanisani. Hawa wangu wana Kete nyuma yao."

Kete ni mbwa wake, mweusi, ana sauti ya kupasua bati. Akibweka, kondoo wanabanana pua kwa mkia. Wangu hawajawahi kubwekewa na mtu wala mbwa.

Ngāhuia alimkodolea macho yule mbwa. "Baba Mkubwa, warudishe. Mwite Kete, abweke kwa nguvu zake zote."

"Umeshaona limekosea, unataka nini tena?"

"Nataka likosee nikiwa karibu."

Alipanda juu ya uzio, mvua ikimnyeshea, uso wake jirani na kisomaji. Nikaona anachokiona. Kondoo wa kwanza alikuwa juu ya mizani anatetemeka, mizani haijatulia. Wa pili, kwa kumkimbia Kete, alikwisha kumpandia mgongoni, sikio lake liko chini ya kisomaji. Ile subira ikaisha, kisomaji kikasoma namba ya wa pili, na namba hiyo ikaifuta ya wa kwanza. Mizani ilipotulia, wa kwanza akahukumiwa kwa jina la mwenzake.

"Basi ongeza subira," Pāora akasema.

"Nikiongeza, wale wanaokwenda mbio watapita bila kusomwa. Nimekuwa nahesabu muda badala ya kumwangalia kondoo." Akanigeukia. "Shangazi, ulipokuwa unawapikia wakata manyoya, ulimuuliza wa pili anataka nini kabla wa kwanza hajaondoka na sahani yake?"

"Thubutu! Ningempiga mwiko."

"Basi kiendeshi changu kilikuwa kinauliza."

Akaketi mezani kwangu kukiandika upya: namba ikishasomwa ifungwe na kondoo wake, isiguswe na nyingine mpaka miguu yote minne itoke kwenye mizani. Mifupa ya nguruwe niliyompikia iliganda mafuta kwenye bakuli. Nilimwambia aweke kiraka chochote tupumue. "Kiraka ndicho kilichotuaibisha," akanijibu, wala hakuinua macho. Kidogo anitie hasira, lakini nilimpenda kwa jibu lile.

Siku ya uchambuzi lori lilisimama mlangoni kwa Pāora. Kete akaachiwa. Pāora alijiweka upande wa kulia, akawa anamshika sikio kila anayeelekea kwenye lori, anamkagua. Huyu sawa. Huyu sawa.

Ndipo lango likamgeuza kulia jike mmoja mzee, mwenye kovu puani.

"Simamisha!" Pāora akapiga kelele. "Limekosea! Huyu ni Kuīni! Nimemnywesha maziwa kwa chupa jikoni kwangu, mwaka wa mafuriko!"

Ngāhuia alibadilika rangi. Aliruka uzio, akamkamata kondoo, akasoma hereni kwa macho yake, akatazama kioo cha kompyuta. Kisha akamfunua mdomo taratibu. Ufizi mtupu.

"Baba Mkubwa, namba ni yake. Mwezi uliopita uliwakagua meno mwenyewe, ukaiambia mashine wasio na meno waende."

Pāora aliinama akatazama mle mdomoni.

"Kwa hiyo halikukosea."

"Halikukosea."

Akampapasa Kuīni shingo. Halafu akafungua mlango mdogo wa pembeni kwa mkono wake, uso umejikunja kwa maumivu ya goti, akamsukuma Kuīni malishoni.

"Hili kosa ni langu," akasema. "Usije ukalirekebisha. Haya, mwite Kete, lete wengine."