Alifungwa, Akafunga

Harufu ya kastadi, ule uji mtamu wa maziwa wa Waingereza, mpaka leo siistahimili. Siku babu yangu alipokufa nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda chake, miguu haifiki chini, kijiko kimo mdomoni, nakula kastadi yake. Nilikuwa na miaka kumi. Nilisikia pumzi inatoka, ndefu, nikangoja irudi, haikurudi. Sikulia. Nilimaliza iliyobaki bakulini, kwa sababu yeye mwenyewe alinifundisha kwamba chakula hakitupwi, nikapangusa kijiko, nikakiweka juu ya sinia kama kila siku, ndipo nikatoka kwenda kumwita mtu. Kwenye daftari la nyumba ile ya wazee, hapa London, mitaa miwili nyuma ya Kingsbury Road, jioni ile waliandika kwamba mzee amekula chote. Mwandiko ulikuwa wao, tumbo lilikuwa langu.

Mtaniwia radhi nikiandika kama ninavyosema. Shule niliiacha na miaka kumi na tano, na Kiswahili changu nimekitunza kwa kusema peke yangu jikoni, maana wanangu nikiwasemesha wananijibu kwa Kiingereza. Babu nilimwita Dada. Kwa Wahindi wa Kigujarati, dada ni baba wa baba. Kwetu Unguja kila mtu anajua dada ni nani, basi watoto wa mtaani walikuwa wakinizomea, "Zuhura ana dada mwenye ndevu!" Baba yangu alikuwa mwanawe wa kwanza, mama yangu Mpemba, na wote wawili walikufa meno yangu ya utoto hayajang'oka. Dada akanilea katika kijiduka chake cha kutengeneza miavuli, ndani ya harufu ya kitambaa kibichi na mafuta ya cherehani. Lugha yao ya nyumbani mimi sikuijua. Tulikuwa na Kiswahili tu, yeye na mimi, na kilitutosha.

Huku akinyoosha vyuma vya miavuli alinisimulia ujana wake. Kwao Gujarati aliwahi kukamatwa kwa kubandika karatasi kwenye ukuta wa forodha, karatasi za kuwaambia Waingereza wafungashe virago. Afisa wa jela akamhoji kwa Kiingereza. Dada alikijua, tena kizuri, alikuwa msomaji wa magazeti. Lakini akaapa palepale kwamba mtu yeyote anayeshika ufunguo wa mlango wake hatamjibu kwa lugha hiyo, mpaka anaingia kaburini. Kisha yeye na wenzake wakaacha kula. Siku kumi na moja, maji na chembe ya chumvi. Askari wakileta wali wa moto wanauweka hapo mlangoni, harufu iwavunje nguvu. Siku ya kumi na mbili wakaachiwa. Akifika hapo Dada hunikonyeza, "Nilifungwa, nikafunga, wakanifungulia." Mimi nacheka, nadhani ni mchezo wa maneno tu. Jela ni kufungwa, kuacha kula ni kufunga, na mlango nao unafungwa na kufunguliwa. Kwa Kiswahili yote hayo yanatoka tumbo moja. Ningejua kwamba neno hilo ndilo litakalotuua, ningelisikiliza vizuri.

Ami Yakub, mwanawe wa pili, ndiye aliyetuleta London. Alikuwa na duka la vitambaa Kingsbury, na juu ya duka vyumba vitatu. Mkewe, Shirin, alinipokea kama mtu anavyopokea mzigo usio wake. Sikupigwa. Niseme haki. Niliwekewa mkate na chai, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza. Dada alimwona ananipunja, wakagombana, na tangu hapo Shirin akawa anasema mzee akili zimemruka. Asubuhi moja Dada alitoka na kikoi na koti la Ami kutafuta samaki wabichi, akapotea mpaka Wembley. Polisi wakamtia garini, wakafunga mlango, wakamuuliza anakaa wapi. Kwake yeye hao sasa wameshika ufunguo. Hakujibu. Wakaandika kwamba hajui hata jina lake. Ami Yakub alikijua kile kiapo tangu anazaliwa, lakini ile karatasi ya polisi ilimfaa. Wiki ile ile akampeleka kwa Matroni Hodge, mkuu wa nyumba ya wazee. "Wiki mbili tu, Baba, mpaka baridi ipungue."

Mlango wa mbele wa nyumba ile ulikuwa na komeo juu kabisa, mzee hafikii, na ufunguo Matroni anautembeza kiunoni. Wiki mbili zikapita, na mwezi ukapita. Mimi nilikuwa nakwenda kila siku nikitoka shule, Shirin mwenyewe akinihimiza niende, apumzike na sura yangu. Jioni moja ya Januari nikamkuta Dada amenyoa ndevu, amevaa sweta mbili, amekaa wima kama mtu anayengoja kuitwa mahakamani. Akanishika mkono. "Nenda kwa yule mama mwenye ufunguo. Mwambie hivi: nimefungwa, kwa hiyo nafunga, mpaka nifunguliwe. Usipunguze neno."

Nilikwenda. Nilikuwa na Kiingereza cha miaka miwili, cha uwanja wa shule. Nikasimama mbele ya meza ya Matroni Hodge, nikatafuta kichwani neno la kufunga, nikalipata moja, lile tunalosema shuleni mwezi wa Ramadhani. Nikamwambia babu yangu amefunga. Nikaongeza neno mlango, nikaonyesha kwa kidole, akadhani nataka kwenda nyumbani. Akatabasamu. Akaniuliza waliofunga wanakula saa ngapi, nikamwambia jua likizama, maana aliyefunga anafuturu jua likizama. Akaliandika. Alikuwa mwanamke mwenye mwandiko mzuri sana.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, Dada."

"Kasemaje?"

"Kasema sawa."

Dada alicheka mpaka akakohoa. "Sawa! Hata yule afisa wa jela hakuniambia sawa. Alitukana kwanza."

Tangu siku hiyo hawakumletea chakula cha asubuhi wala cha mchana, kwa heshima ya dini yake. Saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia, wanaleta sinia: viazi vya kuponda, samaki, njegere, na bakuli la kastadi ya njano. Wanaliweka, wanafunga mlango taratibu. Yeye anakunywa maji yake ya chumvi na kunisukumia sinia. "Wanaleta harufu, kama wale. Kula wewe, mjukuu wangu, kisitupwe." Na mimi nilikuwa na njaa. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini hakuna aliyenionya kwamba wote wawili wanaweza kukaa kitanda kimoja. Nilikula kila kitu. Nilipangusa sahani kwa mkate. Nawaambia ukweli, zile ndizo siku nilizoshiba kuliko zote za utoto wangu, na mashavu yalinijaa.

Alikuwepo mfagizi mmoja, Mkenya, Akinyi. Siku ya kwanza aliponisikia namwita mzee Dada alijishika mbavu kwa kucheka. "Ati dada? Na huyu mwenye suspenda za suruali mabegani? Wewe mtoto, kwenu dada zenu hufuga ndevu?" Akawa anatupitia kila Jumamosi kututania. Jumamosi ya pili ya mfungo aliingia, akamtazama Dada usoni muda mrefu, kisha akalitazama sinia.

"Hii chakula nani anakula?"

"Dada," nikasema.

Safari hii hakucheka. Alimgeukia yeye. "Mzee, umekula?" Na Dada, hasira zimemjaa, akamwambia, "Nimefunga. Wanajua." Akinyi akasema Mungu aipokee saumu yake, akachukua ndoo yake. Na yeye lile neno alilisikia kama nilivyolisikia mimi. Simlaumu Akinyi. Alikuwa mfagizi.

Ami Yakub namlaumu. Alikuja Jumapili, na Dada aliacha makusudi lugha yao, akasema naye kwa Kiswahili. "Yakub, mtoto huyu awe shahidi. Sili mpaka unitoe humu."

"Baba, acha mambo ya zamani. Waingereza walishaondoka India."

"Najua. Kumbe walikuja huku."

Ami hakucheka. Alitazama saa. Akamwambia atafikiri, akatoka, na mimi nikamfuata mpaka ukumbini. Pale Matroni Hodge alimuuliza, kwa sauti ya kujali kabisa, kama mfungo huu utakuwa mrefu, maana mzee amepungua. Kiingereza hicho nilikielewa. Ami Yakub alijibu kwamba baba yake ni mcha Mungu, hufunga hata siku zisizo za lazima, na wasimwingilie. Kisha akatoa chokoleti mfukoni akanipa. Nikaila. Hata hiyo niliila.

Dada alikufa siku ya nne baada ya hapo. Matroni Hodge alimsomea Ami daftari, jioni moja baada ya nyingine: sahani tupu, sahani tupu. Akasema angalau alikuwa na hamu ya kula mpaka mwisho. Ami akanitazama mimi, akayatazama mashavu yangu, nami nikaona kwamba amejua. Hakusema neno, wala hajalisema mpaka leo. Na wewe Dada, nikutaje pia, maana wengine nimewataja. Kiingereza ulikuwa nacho. Sentensi moja tu kwa yule mama, na mlango ungefunguka. Ulikitunza kiapo, mimi ukaniachia sahani.

Sasa nina miaka hamsini na kitu, nakaa Edmonton, na kazi yangu ni hiyo hiyo, kutunza wazee. Mimi ndiye ninayeandika daftari. Sasa kuna mashine za kuandikia kwa kidole, mlango unafunguliwa kwa namba, kila kijiko cha chakula kina kisanduku cha kutiwa alama. Wenzangu wanatazama sahani, mimi natazama koo. Nakaa mpaka nione limemeza. Wananiita mwenye mkono mzito, kwamba nachelewesha zamu. Sibishani nao. Sisikii uchungu, sisikii kitu. Namaliza zamu, napanda basi, nakwenda nyumbani, na kastadi haiingii kwangu.

Ningenyamaza nikafa nalo. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Lakini mwezi uliopita wamemtundika Dada kwenye ukumbi wa jumuiya Kingsbury, picha kubwa, ndevu zake zote, na chini yake wameandika mpigania uhuru. Ami Yakub, mzee sasa, na fimbo yake, alisimama mbele ya watu na sahani zao za biriani akasema baba yake aliwashinda Waingereza kwa njaa yake, na kwamba Mungu alimpenda mpaka akamchukua akiwa amefunga. Watu wakasema mashaallah. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na mlango.

Matroni Hodge alishakufa, jibu lake atalitoa anakokujua yeye. Wewe, Ami, uko hai, na Kiswahili unasoma. Sitaki picha ishushwe. Nataka usimame mahali pale pale, mbele ya watu wale wale, ujibu swali moja. Baba yako alikwambia kwa lugha ninayoielewa kwamba hatakula mpaka umtoe. Ulitembea hatua ishirini mpaka ukumbini kwa Matroni, nimezihesabu. Katika hatua hizo ishirini, neno la baba yako uliligeuza kuwa ibada kwa ajili ya nani? Mimi langu nimeshasema hapa, mbele za watu: nilikula. Sema na wewe lako.