Ndio ya Mwalimu Fridah

Mimi nafundisha Hisabati. Mwalimu Fridah Nasimiyu anafundisha Kiingereza darasa la jirani, na kati yetu kuna ukuta wa mbao tu, kwa hivyo namsikia kutwa nzima. Jumatatu ile alikuwa anafundisha neno "meekly".

"Ni kufanya unachoambiwa kwa upole, bila kubisha, kwa sababu umeshajishusha," aliwaambia. "Si sawa na adabu. Mwenye adabu anaweza kukataa na bado akawa na adabu. Huyu hakatai."

Msichana mmoja akatunga sentensi: mfungwa alimfuata askari "meekly". Fridah akasema vizuri sana, mpigieni makofi. Mimi nikaweka chaki chini nikasikiliza, maana nilijua Alhamisi inakuja.

Alhamisi ilikuwa siku ya bodi ya mashamba. Mume wake, Sifuna, alitaka kuuza ekari mbili zao hapa kijijini Kwanza, kisha ahamie Bungoma kwa mwanamke mwingine. Zao, ati! Shamba hilo Fridah alilinunua kwa mshahara wake wa miaka tisa, kisha akaliandikisha kwa jina la bwana ili watu wasiseme hana heshima. Nyumba anayolala na binti zake wawili iko hapo hapo. Lakini mke asipokubali mbele ya bodi, shamba haliuzwi. Alihitaji kusema neno moja tu.

Nilimsumbua wiki nzima. "Useme hapana, Mwalimu. Usieleze, usilie. Hapana, basi." Hata njiani siku hiyo nilimsikia akilirudia chinichini, hapana, hapana, na mimi nikafurahi kama mjinga.

Tulipoingia ukumbini, Sifuna alikuwa ametutangulia. Kando yake, benchi la mbele, alikuwa amemketisha mama mzazi wa Fridah, mzee wa watu, aliyemtoa Bungoma alfajiri. Mama akainuka, akamvuta binti yake pembeni, wakaongea Kibukusu. Mimi mtu wa Mlima Elgon sikushika hata neno. Fridah aliporudi kukaa, uso ulikuwa umemshuka.

"Ng'ombe wa mahari yangu ndio Khisa alioa nao," akaninong'oneza. Khisa ni kaka yake. "Sifuna amesema nikikataa ananirudisha nyumbani, na anataka ng'ombe wake. Sasa watatoka wapi? Si ni kwa wakwe wa Khisa? Wakirudishwa, ndoa ya Khisa imekwisha, na mke wake ana watoto wanne, Linah."

"Anakutisha tu huyo, bana!"

"Mama amepiga magoti. Mama yangu amenipigia mimi magoti."

Jina likaitwa. Fridah akasimama, mikono ameifumbata mbele.

"Mama, umekubali shamba liuzwe?" mwenyekiti akauliza.

"Ndio."

"Ongeza sauti, mama."

"Ndio, mwenyekiti. Asante."

Asante! Asante ya nini? Anauziwa paa juu ya kichwa chake na anashukuru! Nilitamani kumfinya. Sifuna alikuwa anatabasamu tu, na mama wa watu amejifunika uso kwa leso.

Nje nilishindwa kujizuia. Nilimwambia yote mbele ya watu: kwamba amewauza binti zake, kwamba sheria ilikuwa mkononi mwake akaitupa, kwamba asithubutu tena kusimama mbele ya watoto wa wenyewe kuwafundisha jambo lolote. Alingoja nimalize, akafunga vizuri mkoba wake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Baada yangu mwenyekiti aliuliza ukumbi mzima kama kuna mtu ana pingamizi. Aliuliza mara mbili, Mwalimu. Unajua nani alinunua lile shamba. Ulikuwa umekaa kando yangu."

Kisha akaenda kumshika mama yake mkono wavuke barabara.

Na ni kweli, aliuliza mara mbili. Mara ya pili Sifuna aligeuka akaniangalia. Mimi serikali haijaniajiri. Nimeandikwa na kamati ya wazazi, na kila Januari Sifuna na wenzake ndio wanaosema kama nitaendelea. Niliinamisha kichwa nikaangalia sakafu, mikono magotini, mpaka jina linalofuata likaitwa.