Maneno ya Mwisho ya Susu, Ukingoni mwa CD

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina ajira, na kazi pekee niliyopewa na ukoo ilikuwa kutunza CD moja. Ndani yake mlikuwa na sauti ya susu, nyanya yetu, tuliyemrekodi kwenye kanda kijijini kwake Ndithini wiki chache kabla hajafariki. Alizungumza sana, hata nilipoihamisha sauti CD ikakaribia kujaa, na mwishoni kabisa akaacha maneno ya kumwambia shangazi yangu, binti yake, ambaye siku hiyo alikuwa kwenye zamu kiwandani Athi River. Shangazi hakuwa ameyasikia bado. Kanda tuliyorekodia ilikuwa imeshajazwa nyimbo za kwaya, na kompyuta niliyotumia kuihamishia kwenye CD ilikuwa imefutwa.

Niliitunza CD hiyo kama yai. Upande unaong'aa sikuugusa hata kwa kucha. Upande wa juu niliuona kama karatasi tu, kwa hiyo nikaandika kwa kalamu ya biki, nikikandamiza ili wino ushike: SAUTI YA SUSU, ISIFUTWE. Nilifuata ukingo, kisha nikapigia mstari mara mbili.

Asubuhi ambayo shangazi angekuja Machakos kuisikiliza, nilikuwa nasoma kitabu kikuukuu cha kompyuta. Kilieleza kwamba mwanga mwembamba hupenya plastiki kutoka chini, ukakuta alama ndogo mno. Mahali pengine hurudi na nguvu, pengine hufifia, na kutokana na tofauti hiyo mashine hupata sauti. Ila alama zenyewe ziko juu, chini ya rangi nyembamba kama ganda la kitunguu. Mkwaruzo wa chini unaweza kusuguliwa ukaisha. Wa juu huondoka na maneno. Tena usomaji huanzia katikati kwenda nje.

Nje, yaani ukingoni. Nilikoandika.

Niliiinua CD dirishani. Mwanga wa jua ulipenya kwenye herufi zangu.

Shangazi alipofika tulikwenda saiba, kwenye kompyuta za kukodi, na njia nzima nilitafuta namna ya kumwambia. Nimwambie imepotea? Imeibwa? Labda alama hazikuguswa. Labda niliandika polepole. Nilikumbuka mkono wangu ulivyouma baada ya kuandika, nikajua sikuandika polepole.

"Mbona unatoka jasho hivyo, profesa?" shangazi akauliza. "Hii ni kompyuta ama ni mtihani?"

Mwenye saiba aliigeuza CD, akacheka. "Boss, hii uliandika na biki ama na jembe?"

Sikucheka. Akaiingiza. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Kisha susu akakohoa, na shangazi akashika mkono wa kiti.

Tuliruka hadi mwisho. Susu alimwita shangazi kwa jina la utotoni. "Usilie sana," akasema. "Lile jambo uliloniuliza, jibu langu ni..." Hapo sauti ikakatika, ikagonga kama saa, ikaruka. Iliporudi, susu alikuwa anaaga.

"Rudisha," shangazi akasema.

Tulirudisha mara nne. Mara ya nne hata kuaga hakukusikika.

Shangazi akanigeukia, taratibu. "Lakini wewe ulikuwa hapo, mwanangu. Alijibu nini?"

Kweli nilikuwa hapo, hatua mbili kutoka kitandani kwake. Nilikuwa nimeinamia redio ya kurekodia, nikihofia kanda isije ikasimama.

"Sijui, shangazi," nikasema. "Sikuwa nasikiliza."

Aliendelea kunitazama, akingoja, kana kwamba nilikuwa bado sijajibu.