Harmonika Wakati wa Kilio

Nilianza kujifunza harmonika nikiwa tayari na wajukuu, kwa sababu kifua changu kilikuwa kinafungwa. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Sange, na vumbi la makapi likishaingia ndani ya mtu haliagi. Mashine ile ilinilisha mimi na watoto, kisha ikaanza kunila. Nikipanda kutoka barabara kubwa kurudi kwetu Songo, mtaa wa mlimani, nilikuwa nasimama kila baada ya nyumba chache na kujifanya nasalimia watu. Majirani walidhani nimekuwa mwema uzeeni.

Daktari aliyenipima alisema dawa zitasaidia, lakini mapafu nayo yanataka kazi, kama mguu uliolala kitandani muda mrefu. Akaniuliza kama naweza kupata harmonika, kile kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo. Nilimwangalia nikidhani ananicheka. Mke wangu hakuona cha kucheka. Alizunguka sokoni kwenye meza za vitu vya mtumba mpaka akaipata moja, akaifuta kwa kitambaa chenye maji ya moto, akaniwekea mezani pembeni ya vidonge.

Ndugu zangu walinitania: samaki mkunje angali mbichi. Mke wangu akawajibu kwamba hata ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani, ikiloweshwa hulainika.

Sitadanganya kwamba nilipiga vizuri. Mwanzoni ilitoa sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Lakini niligundua jambo ambalo filimbi haina: harmonika inalia ukipuliza, na inalia pia ukivuta. Huwezi kuupata wimbo kwa kutoa tu. Nusu yake imo katika pumzi unayoipokea. Mimi nilikuwa mtu wa kupumua juujuu, na hasira zangu vilevile zilikuwa karibu. Kila asubuhi baada ya uji nilikaa nyuma ya nyumba nikitafuta nyimbo za kanisani, sauti moja moja. Kifua kikaanza kufunguka. Nikaanza kulala bila kuegemea ukuta. Hata ukali ulipungua, wanangu ndio walioniambia, kwani ukitaka kugomba lazima kwanza uondoe kitu mdomoni. Siku moja nilipanda hadi nyumbani bila kusimama, na mke wangu akampigia simu mama yake kule Luberizi kumweleza, kana kwamba nimepata diploma.

Halafu mke wangu ndiye aliyeondoka. Homa ilimshika Jumapili, na kabla ya juma kwisha tulikuwa tumemzika. Mgonjwa wa nyumba ile nilikuwa mimi. Kila mtu alijua nani atatangulia. Sikuwa nimejiandaa kubaki. Nilimkasirikia Mungu, na bado sijamaliza kabisa.

Kwetu mtu aliyefiwa na mwenzake hagusi kinanda hadi siku ya kumaliza kilio. Redio inazimwa. Waimbaji wa kanisa wanaweza kuja kuimba, hiyo ni faraja, lakini mgane akionekana na chombo cha muziki mkononi, ukoo wa marehemu utasema alikuwa anangoja nafasi. Nikaifunga harmonika katika kitambaa, nikaiweka sandukuni chini ya nguo zangu. Hakuna aliyeniamuru. Nilitaka wakwe zangu waone kwamba binti yao alikuwa ameolewa na mtu.

Mama mkwe alikuwa amekuja kwa mazishi, akabaki kulala na wanangu hadi kilio kiishe. Mimi na yeye tulikaa mbalimbali, kama inavyotakiwa kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Sikula mbele yake, sikuketi kwenye mkeka wake, na neno lake lilinifikia kupitia binti yangu mkubwa. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumwona akikaribia mlango wa chumba changu.

Kifua kikajifunga tena, kidogokidogo, kisha kwa haraka. Asubuhi moja nilishindwa kutoka kwenda kusalimia wageni. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikitafuta hewa. Binti yangu akasema tutakwenda hospitali, nikakubali. Alipotaja harmonika nilimkatalia kwa ukali, nikamwambia sitamwaibisha mama yake kaburini. Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia: sikuona sababu ya kupona.

Nikasikia mkeka unakokotwa. Mama mkwe aliutandika kwenye kizingiti cha chumba changu, akaketi akinipa mgongo, uso ukielekea sebuleni walikokaa wajomba wa marehemu. Akazungumza nami bila mtu wa katikati.

"Baba ya batoto," akasema, "marehemu aliniambiaka kama ile kitu iko dawa yako. Dawa haina kilio. Minye nimeisha zika mutoto mumoja. Ule mwenye yeye alikuwa anachunga, sitamuzika."

Mjomba mmoja akasafisha koo kutaka kusema. Mama mkwe akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba kama kuna aibu, iwekwe juu yake yeye aliyemzaa marehemu.

Binti yangu akaitoa harmonika sandukuni. Nilianza wimbo tuliomsindikiza nao makaburini, ikatoka sauti nyembamba, kisha machozi yakanishika na pumzi ikakatika. Huwezi kulia na kupuliza kwa wakati mmoja, nilijaribu. Nikaishusha mapajani, nikasema nimeshindwa.

Mama mkwe hakugeuka. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua naye alikuwa analia tangu nilipoanza.

"Vuta," akasema. "Vuta pumuzi, mutoto wangu."

Nikairudisha mdomoni, nikavuta.