Jibu la Mwanzo kwa Mwanafunzi wa Ghana

Mjukuu anayeniandikia haya ndiye aliyeanza kukosea, na nimemkataza asiyafute makosa yake. Yangu yanafuata, wala sitayafunika.

Miaka ile alikuwa akisoma chuoni hapa Ibra, Omani, na kompyuta ilikuwa imewekwa sebuleni, mahali ninapoweza kumwona. Alikuwa amejiunga na kundi la watu wa nchi mbalimbali waliokuwa wakisoma vitabu kwa sauti na kuvirikodi kwa ajili ya vipofu, bila ya malipo. Hawakupata kuonana hata siku moja. Waliandikiana kwenye mtandao tu. Mimi sikupelekwa skuli, basi kazi ile niliiheshimu kuliko yeye alivyodhani.

Siku moja ya Jumatano nilirudi kutoka soko la wanawake, nikamkuta anasoma peke yake kwa uso wa huruma. Nikamtaka anisomee na mimi. Akanifasiria kutoka Kiingereza maneno ya kijana wa Ghana aliyekuwa akijitambulisha kwa kundi. Alikuwa mwanafunzi wa ualimu. Bibi yake, aliyemlea, alikuwa amepoteza macho, naye humsomea kila jioni. Kompyuta hana, hutumia ya chuo, saa moja tu kwa siku. Mwisho ameuliza: mtu wa hali hiyo ana nafasi kwenu?

"Mmemjibu nini?" nikauliza.

"Hajajibiwa, bibi. Leo siku ya tano."

Hapo akanieleza kanuni yao. Mgeni hupokewa pale mmoja wa wenyeji anapokubali kumshika mkono na kumwonesha kazi. Siku saba zikipita bila ya mtu kujitokeza, jina lake huondolewa.

"Na wewe una mwaka mzima humo. Umenyamaza kwa nini?"

"Wamo wakubwa, bibi. Nitangulie kusema mbele yao? Si wewe uliyetufundisha?"

Kweli, nilimfundisha mimi, tena kwa ukali. Lakini sikumfundisha kumwacha mgeni amesimama mlangoni siku tano. Nikamwambia aandike nitakayomtajia.

Nilimpokea kijana yule kama tunavyompokea mgeni. Hapa Ibra, kama ilivyokuwa kwetu Unguja, mgeni hukalishwa, akapewa tende na kahawa, akaulizwa habari za atokako. Haja yake haiguswi mpaka ametulia. Basi nikamsalimu, nikamuuliza wazee wake, macho ya bibi yake, mvua za kwao na masomo yake. Nikamsifu kwa wema wake, nikamwombea dua ndefu.

"Bibi, humu watu huandika 'karibu', basi."

"Karibu kavu namna hiyo hata paka hapewi. Andika."

"Na swali lake?"

"Swali lake kesho. Kwanza apumue."

Kesho yake jibu likaja. Alitushukuru sana. Alisema hajapata kuulizwa hali kwa heshima kama ile, na kwamba amefahamu kuwa nafasi hakuna. Akatutakia kheri katika kazi yetu.

Mjukuu akanigeukia. "Bibi, anadhani tumemuaga."

Nilimaliza kikombe changu cha kahawa. Kijana mwenye saa moja kwa siku nilikuwa nimemlisha maneno ya mvua, na lile moja alilolihitaji nikalizuia. Siku ya sita nayo ilikuwa inakwenda.

"Yafute yale," nikasema.

"Hayafutiki, bibi. Yameshafika."

"Basi andika mengine. Nafasi ipo. Saa yako moja inatosha. Mimi nitakushika mkono. Anza."

"Bila ya salamu?"

"Bila ya salamu."

Akaandika, akatia jina lake chini ya maneno yale mbele ya wakubwa wote. Kijana akajibu saa yake haijamalizika: anaanza kesho, na kitabu ameshakichagua.

Haikupita wiki mbili, sura ya kwanza ya kitabu chake ikaletwa. Nikakaa mbele ya kompyuta nikaisikiliza mpaka mwisho, ingawa sikufahamu hata neno moja. Sauti yake ilikuwa nzuri, ila alikuwa akikimbia kama anayefukuzwa na ile saa yake. Nikaamuru aambiwe apunguze mbio, hata kama kitabu kitachukua mwaka. Nje ya dirisha lake alikuwapo mtu anafagia kwa ufagio wa chelewa, taratibu, mstari baada ya mstari, na ufagio huo nilikuwa sijausikia tangu nilipoondoka Unguja. Wakubwa wa kundi walimtaka airudie sura nzima kwa sababu ya kelele ile, naye akairudia bila ya kunung'unika. Wao wakaichukua ile safi. Mimi nilimwagiza mjukuu aniwekee ile yenye ufagio.