Mzee Pini na Ubao wa Kioo

Bungeni kwetu waheshimiwa ndio wanaotunga sheria, lakini hakuna mheshimiwa anayeweza kujadili hata bei ya kiberiti mpaka Mzee Pini abandike. Kanuni inasema hivi: jambo la kujadiliwa kesho lazima ratiba yake iwe ubaoni leo ikifika saa kumi jioni, na ibaki hapo mpaka kengele ya asubuhi. Isipokuwepo, jambo halijadiliwi. Ubao uko kando ya mlango mkubwa, una kioo na kufuli, na ufunguo unakaa kwenye mfuko wa kulia wa suruali ya Mzee Pini, mwaka wa ishirini na mbili sasa.

Jina lilitokana na pini. Akibandika karatasi hushika pini nne kwa midomo, na ukimsalimia wakati huo anakujibu kwa nyusi. Mimi ndiye mchapaji. Ratiba ikitoka kwenye printa yangu inaingia mkononi mwake. Namwita kaka, ananiita dada, na mkewe aliyeko shambani ni wifi yangu wa kwenye simu, maana hatujawahi kuonana. Wifi huyo alikuwa na eka moja na nusu ya maharage.

Msimu huu wa bajeti serikali ilileta kodi ya mashamba. Kila eka itakayokutwa na zao siku sheria itakapopita itatozwa. Eka iliyokwisha kuvunwa inasamehewa mpaka msimu ujao. Hata mtoto angeuona mchezo. Upande wa serikali ulitaka kodi ijadiliwe upesi, mazao yangali yamesimama. Wapinzani walitaka kwanza bajeti ya kilimo isomwe taratibu, ukurasa kwa ukurasa, nukta kwa nukta, ili wakulima wawahi kuvuna. Hakuna aliyelisema hilo waziwazi. Walisema "utaratibu", walisema "maslahi ya taifa", wakashikana mashati kwenye kamati. Siku nane hawakujadili bajeti wala kodi. Walijadili lini watajadili.

Mimi nikachapa ratiba tisa, maana siku moja walibadilisha mara mbili. Utaratibu ukawa mmoja kila siku: nachapa, kaka anabandika, anafunga kufuli, na kabla hajafika hata kwenye kiti chake tunasikia viatu vya Katibu wa Bunge vikija kutoka ukumbi wa kamati. Katibu ni mtu mnene, na viatu vyake vipya vinalia, kwii kwii, unavisikia toka mwisho wa korido.

"Toa hiyo," anasema. "Wamebadilisha."

Kaka anafungua, anang'oa, anakunja, anatia mfukoni. Siku ya sita Katibu hakumaliza tena sentensi. Alifika, akanyoosha kidole, kazi ikafanyika.

Katikati ya vurugu hizo wifi alikuwa anapiga simu kila mchana. Kaka huwasha spika ya simu kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri, kwa hiyo mambo yao yote nayajua, bila kutaka.

"Baba watoto, lini?"

"Ratiba ikitulia tu, mama. Likizo yangu imeshasainiwa, ila bajeti haina likizo."

"Maharage yamekauka. Maganda yanapasuka yenyewe."

"Jumanne nitakuwa hapo."

"Jumanne ipi? Wewe Jumanne zako ni kama za hao wabunge wako."

Wifi akikata simu, kaka husugua ufunguo kwa kidole gumba. Alikuwa hajafika kwake miezi mitano. Mimi hasira zilinipanda. Watu wanagombania siku ya kumtoza mkulima, na mkulima mwenyewe wamemfungia koridoni na pini mdomoni.

Jumatano wakapatana. Usiniulize nani alimpa nani nini. Saa tisa na nusu nikaletewa karatasi: kodi ya mashamba, kesho Alhamisi, jambo la kwanza. Nikaichapa mikono ikiwa mizito, maana nilijua maharage ya nani yamesimama. Kaka akaisoma, akaisoma tena. Akaenda akaibandika, pini nne, pembe nne, akafunga kufuli. Nilimwona kwa macho yangu. Saa kumi kasoro robo nikabeba mkoba wangu nikaondoka.

Asubuhi Spika akapiga kengele, akasoma jambo la kwanza. Kiongozi wa upinzani, mtu mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, akasimama.

"Mheshimiwa Spika, jambo hilo halimo ubaoni!"

Ukumbi ukalipuka. Wakatoka wote, serikali na upinzani, wakabanana mlangoni kwenda kuangalia. Kwa miaka yangu yote pale ndiyo mara ya kwanza kuona wabunge wanaelekea upande mmoja. Ubao ulikuwa mtupu. Kufuli limefungwa, kioo kinang'aa, ndani hamna kitu. Wapinzani walishangilia mpaka mmoja akapoteza miwani. Kodi ikapoteza zamu yake, ikasukumwa hadi mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi huko mashambani kutakuwa kumebaki mabua.

Kaka aliitwa ofisini kwa Katibu. Mimi nikaitwa kama shahidi. Nilimkuta amesimama katikati ya zulia, kofia mkononi, na pale mezani karatasi ile ya Jumatano ambayo mwenyewe aliitoa mfukoni mbele ya wote. Alibakiza miaka miwili kustaafu. Mtu akifukuzwa kwa kuhujumu Bunge, hata barua ya shukrani hapewi.

"Uliitoa wewe?" Katibu akauliza.

"Niliitoa, mkuu."

"Kwa nini?"

"Nilisikia viatu vyako."

"Viatu vyangu! Jana mimi nilikuwa naenda msalani!"

"Ndiyo, mkuu. Nilikuona ukipita. Nikadhani umechoka tu kunyoosha kidole."

Mimi nikaangalia dirishani nisije nikacheka. Lakini Katibu hakuwa na mzaha.

"Una shamba?"

Nikaomba Mungu kaka aseme hana. Shamba ni la mkewe, mkewe hayupo, nani angejua? Kaka akavuta pumzi.

"Ninalo. Eka moja na nusu. Maharage."

"Yamevunwa?"

"Bado, mkuu."

"Aaa!" Katibu akasimama. "Kumbe! Shamba unalo, maharage yamesimama, ufunguo unao wewe, halafu unaniletea hadithi za viatu!" Akaanza kutembea huku na huku kwa hasira, kwii kwii, kwii kwii.

Na mkono wa kulia wa kaka ukaingia mfukoni ukatoka na ufunguo.

Hakujua. Macho yake yalikuwa kwenye zulia, machozi yanamlengalenga. Katibu akauona ule ufunguo, akasimama. Mkono ukarudi mfukoni. Katibu akanitazama. Akapiga hatua mbili, pole pole, kama anayepima kina cha maji. Kwii kwii. Ufunguo ukatoka.

"Mkuu," nikasema, "mazoea yana taabu. Siku nane, ratiba tisa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Katibu akarudi kitini, akaziba uso kwa viganja, na tumbo lake likaanza kutikisika. Alicheka mpaka akafungua kifungo cha shati. Kisha akaandika barua ya onyo, mistari miwili tu, na akamwambia kaka achukue likizo yake siku hiyo hiyo, kwa sababu upande wa serikali haukutaka kumwona na wapinzani walitaka kumbeba mabegani.

Nilidhani atafurahi. Tulipofika kwenye meza yangu alikaa kwenye kiti cha wageni kama mtu aliyefiwa.

"Dada, wewe unaamini ni viatu?"

"Si nimeona mwenyewe!"

"Mimi sijui. Miaka ishirini na mbili sijawahi kukosea. Nakosea mara moja, na ni siku ya maharage yangu." Akautazama mkono wake. "Labda huu ulijua."

Na mimi niliyeomba Mungu kaka adanganye ningemwambia nini? Nikamsogezea simu, nikasema mpigie wifi, mpe habari njema.

"Mama watoto, naondoka leo. Kodi imeahirishwa. Tutavuna bila wasiwasi."



"Kuvuna nini?" wifi akauliza.

"Maharage!"

"Maharage yako stoo tangu Jumamosi ile. Siku niliposikia redioni hiyo kodi yenu niliwaita dada zangu, tukavuna siku mbili. Ulidhani nitamngoja mwanaume wa ubaoni?"



"Sasa mbona kila siku unasema bado?"

"Ningesema yameisha, ungekuja?"

Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye droo. Kaka alishika simu ile muda mrefu baada ya mkewe kukata. Kisha akatazama mkono wake wa kulia, akaupangusa kwenye suruali kama anayeusamehe.

Akaomba fomu yake ya likizo. Mahali pa sababu nilikuwa nimechapa "kuvuna maharage". Akasema hiyo si kweli, na yeye uongo kwenye karatasi ya ofisi hauwezi. Nikamuuliza nichape nini. Akafikiri.

"Andika: mke wangu ananiita."

Nikachapa hivyo hivyo. Akaichukua, akatia pini nne mdomoni, akaenda mpaka mlango mkubwa. Akaibandika fomu katikati ya ubao wa Bunge, akafunga kufuli, akarudi akaniwekea ufunguo kiganjani. Katika miaka yote ile nilikuwa sijawahi kuugusa.

"Dada," akasema, "hata vikilia viatu, usiitoe."