Mbuzi ya Nazi Sokoni Wembley

Mwezi uliopita nilikuwa Landani kwa wiki moja, nimekwenda kumtazama binamu yangu anayeishi Harrow. Jumapili asubuhi nilimtoroka, nikapanda basi mpaka Wembley, kwenye lile soko la mitumba ambako watu hufungua buti za magari na kutandaza vyao chini. Usidhani nilifuata sahani za maua. Mimi sokoni huchungulia chini ya meza tu, na mwenyewe huona aibu kueleza ninachotafuta. Safari hii, kati ya kikaango na taa ya mezani, niliiona: mbuzi ya kukunia nazi, ulimi umeshika kutu.

Haikuwa yetu. Yetu ilikuwa na ufa pembeni ya kikalio, na ilikuwa ikimfinya mama kila akijisahau.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa muuguzi huko huko Wembley, na Jumapili tulikuwa tukiuza nguo zilizotubana pamoja na jirani yetu, mama wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa, niliyemwita anti. Gari lilikuwa lake, chai ya tangawizi ilikuwa yetu. Walicheka kwa Kiswahili mpaka Waingereza wakageuka kuwatazama. Mbuzi mama alipewa na bibi siku anaondoka Tanga. Jumamosi aliikalia jikoni akikuna nazi, kwaru, kwaru, nami nikivizia machicha niyatie sukari. Jumapili ikawa kiti chake sokoni. Anti aliipenda, hakuficha. "Ukirudi kwenu niachie hii mbuzi, dada," alikuwa akisema, na mama humjibu kwamba atangoja sana.

Jumapili moja mama na anti walikwenda kutafuta choo, wakaniacha nilinde. Mzee wa meza ya pili akaja, akaugusa ule ulimi kwa kidole gumba, akauliza nimekalia kitu gani. Wanafunzi wenzangu wawili walikuwa wakipita, wakasimama kutazama. Nikaona haya, nikasema ni kigoda kibovu tu. Mzee akanionyesha viatu vya magurudumu, vyekundu, saizi yangu. Nikampa mbuzi, viatu nikavisukumiza ndani ya begi langu. Mama na anti waliporudi mvua ilikuwa imeanza, tukajaza buti mbio mbio, hakuna aliyetazama nini kimepakiwa na nini hakikupakiwa.

Mama aliikosa jioni. Alikwenda kwa anti, wakapekua gari lote, akarudi uso umemkunjamana. Bibi alikuwa anakuja Jumamosi, safari yake ya kwanza, na simuni alikuwa ameshasema kwamba nazi atabeba mwenyewe. Wiki nzima mama alitafuta kabatini, chini ya ngazi, nyuma ya friji. Kila usiku nililala juu ya viatu vile, nimevificha chini ya godoro. Siku ya Alhamisi nilimsikia akisema peke yake jikoni: "Si yeye aliyekuwa akiitamani?"

Nilijua ni nani, na sikusema.

Jumamosi anti alikuja na sahani ya kachori kumsalimu bibi. Bibi alikuwa ameshafungua sanduku, nazi ziko mezani. "Haya, nileteeni mbuzi yangu," akasema.

Mama hakuinua uso. "Muulize huyo aliyepakia gari."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikatazama zile nazi mezani. Anti aliiweka sahani taratibu. "Karibu Landani, mama," alimwambia bibi, akatoka. Kachori zile hakuna aliyezigusa. Mwaka haukuisha, anti na watu wake wakahama.

Basi Jumapili hiyo ya mwezi uliopita niliinunua mbuzi ya watu, nikaenda nayo mpaka mtaa wetu wa zamani. Mlango wa anti umepakwa rangi nyingine. Aliyefungua hakujua nani aliishi pale kabla yake, na hakuna harufu ya tangawizi wala kicheko cha mtu. Nikakaa kituo cha basi, nikampigia mama Tanga, nikamwambia yote.

Akasema, "Viatu nilivikuta chini ya godoro Jumatatu, baada ya bibi kufika, nikajua."

"Mbona hukwenda kwa anti?"

"Nilikwenda mpaka mlangoni kwake, mara mbili. Nikashindwa kubisha."

Basi langu lilipita, sikulisimamisha. Nikamwambia mama kwamba nitamletea hii, angalau akune nazi akinikumbuka.

"Mimi usiniletee," akasema. "Si alisema nikirudi kwetu nimwachie? Nimesharudi. Mtafute umpe."

Nimerudi nayo nyumbani, iko karibu na mlango, na sijaikunia nazi hata moja.